Salamu Niliyoikosea Soko la Shinyalu

Mjukuu wangu Mercy ana miaka thelathini na minane na watoto wawili. Amekuwa nesi mpaka viatu vyake vyote vimelalia upande mmoja. Sasa amepewa ufadhili wa kufanya utafiti juu ya watu wanaojiua na wanaojidhuru, na vijana sita watatembea naye nyumba kwa nyumba. Ameniletea daftari jipya na kalamu mbili, anasema vijana hao wanataka niwaandikie jinsi sisi tulivyoifanya kazi hiyo zamani. Nikamwambia nilisoma hadi darasa la tatu tu. Akasema, "Kukhu, andika vile unaongeanga."

Haya. Nitaandika vile naongea. Mwenye kutaka kunisahihisha aje hapa nyumbani anisahihishe nikiwa nimeshika mwiko.

Mimi sikuanza na utafiti, nilianza na ndoo. Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa aya katika hospitali moja ya hapa Kakamega. Aya ndiye anayepiga deki, anabeba vyombo vya wagonjwa, anafua mashuka, na akikosea anagombezwa na kila mtu mpaka mpishi. Katika wodi ya wanawake kulikuwa na vitanda vitatu karibu na dirisha. Hapo ndipo walipolazwa waliojaribu kujiua, ili mtu akipita awaone. Lakini waliopita walipita mbio. Manesi wengine walisema vitanda hivyo vingepewa wagonjwa wa kweli. Mhubiri alikuja Jumatano, akawasomea habari za moto, akaenda kunywa chai.

Mimi nilideki hapo polepole. Msidhani ni kwa huruma. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia kwa dirisha hilo na magoti yangu yalipenda joto. Nikiwa nimeinama na kitambaa changu, wale wanawake walianza kuongea. Hawakuongea na daktari wala nesi, waliongea na mgongo wangu. Nilichukua muda kuelewa kwa nini. Mtu mwenye aibu anaweza kusema na mtu ambaye hamwangalii. Kwa hivyo nyinyi na zile simu kubwa mnazozishika kama sinia, mkifika kwa watu ziwekeni chini. Ombeni maharagwe ya kuchambua. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye ungo, mtasikia mambo ambayo karatasi yenu haijui kuuliza.

Daktari Andayi ndiye aliyeniona. Alikuwa daktari wa wodi ile kwa miaka kumi na zaidi, mtu wa makamo, mvi zimeanza pembeni, tumbo limeanza mbele. Siku moja alisimama mlangoni akanisikiliza nikiongea na mgonjwa mmoja. Akaniita nje.

"Loise, huyo mama amekwambia nini?"

"Amenieleza habari za mbuzi wake."

"Mimi nimemuuliza siku nne, hajafungua mdomo."

"Daktari, wewe unamuulizanga kwa nini alitaka kufa. Mimi nimemuuliza nyumbani nani anamfungia mbuzi."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Wakati huo alikuwa ameomba ufadhili mara mbili na kukataliwa. Mara ya kwanza kamati ilimwandikia kwamba amepita umri wa wanafunzi. Mara ya pili wakamwandikia kwamba bado hajafikia kiwango cha maprofesa. Mke wake, Mama Beti, alikuwa akisema mbele ya wageni, "Bwana yangu ni kama sketi ya kununua Kisumu. Kwa mtoto ni kubwa, kwa mama ni ndogo." Mara ya tatu ulitangazwa ufadhili wa watu walio katikati ya kazi, watu kama yeye hasa, na akaupata. Mwaka mmoja kwanza. Mwaka wa pili ungetolewa baada ya kamati kukagua kazi ya ule wa kwanza. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotusumbua.

Katika ombi lake alikuwa ameandika karatasi, baiskeli mbili, mkalimani na sukari. Kamati wakauliza sukari inahusiana vipi na utafiti wa watu wanaojiua. Akawajibu kwamba hakuna mtu Kakamega anayeingia nyumba ya msiba mikono mitupu akaanza kuuliza maswali. Mercy, ukiomba tena, usisahau sukari.

Mkalimani nilikuwa mimi. Mama mkwe wangu alilia nilipoacha ndoo. Alisema nitaleta vifo nyumbani kwa viatu vyangu.

Nyumba ya kwanza tuliyokwenda tulifukuzwa kwa ufagio. Daktari alikuwa na fomu nzuri iliyopigwa chapa, na swali la kwanza lilikuwa jina la marehemu. Tukakaribishwa viti na mama mmoja mzee, tukatoa sukari, tukajuliana hali mpaka ya ng'ombe. Daktari akasoma swali, mimi nikalitafsiri kama lilivyo, mjinga mimi, na nilikuwa nimezaliwa hapa hapa. Yule mama akasimama. Akavuta kiti cha Daktari kabla Daktari hajainuka sawasawa. Akachukua ufagio akafagia pale tulipokuwa tumekaa, akaendelea kufagia akitufuata, hatua kwa hatua, mpaka tukatoka nje ya boma. Sukari akaiweka juu ya kichwa cha Daktari. Hakuitupa. Aliiweka, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Wenzangu wa huku mnajua, lakini kati yenu wamo waliozaliwa Nairobi, kwa hivyo nitasema. Kwetu mtu aliyejiua hakuliliwa. Hakupigiwa ngoma, hakuhutubiwa. Alizikwa haraka pembeni. Nyumba yake ilibomolewa, na jina lake halikutajwa tena wala kupewa mtoto. Mtu mwingine akifa kwa ugonjwa, baada ya miaka michache utasikia anaitwa uwanjani, kumbe ni mjukuu mwenye jina lake anaitwa kula. Huyu wa kujiua hakuitwa tena na mtu yeyote. Na sisi swali letu la kwanza lilikuwa hilo.

Tukarudi barabarani tukikokota baiskeli. Daktari akauliza, "Sasa tutajuaje nyumba gani, na tutaanzia wapi?"

Nikamwonyesha shamba tulilokuwa tunapita. Mnajua ardhi ya huku ilivyo ndogo. Mahindi yanafika mpaka mlangoni, maharagwe katikati ya mahindi, ndizi kwenye mtaro. Hakuna mtu anayeacha hata pahali pa kulaza mbwa. Lakini ukiona katikati ya boma kipande cha nyasi, kikubwa kama sakafu ya nyumba ndogo, hakijalimwa na hakuna aliyefunga ndama hapo, basi hapo palikuwa na nyumba.

Kwa hivyo tukaacha fomu kwenye mfuko. Tuliingia, tukasalimia, tukakaa. Niliomba kazi ya mikono. Baada ya muda mrefu niliuliza, "Hapo mnapandanga nini?" Nyumba nyingine walisema, "Hapapandwi," tukaongea habari za mvua, tukarudi wiki nyingine. Nyumba nyingine mama alitazama zile nyasi, akasema, "Alipenda viazi vitamu." Basi. Hapo ndipo utafiti ulipoanza.

Kuandika kulinishinda. Daktari alitaka niweke kumbukumbu za kila nyumba, na herufi zangu zilikuwa zinatembea kama siafu waliomwagiwa maji. Nikaamua kuchora. Kila mtu alikuwa na picha yake juu ya ukurasa: sufuria, jogoo, jembe, kinu. Chini yake niliweka vijiti vya kuhesabu nimekwenda mara ngapi na maneno machache niliyoyaweza. Daktari alicheka mara ya kwanza, lakini baadaye hakucheka. Aligundua kwamba daftari lake lililojaa majina angeshindwa kulieleza likianguka njiani, na langu mtu angeliokota akadhani ni la mtoto.

Maana ilikuwa hatari, sikilizeni. Siku zile sheria ilisema aliyejaribu kujiua akabaki hai amefanya kosa na anaweza kufungwa. Umetoka mlango wa kaburi, unaingizwa mlango wa jela. Ndiyo sababu watu walidanganya hospitalini, na ndiyo sababu manesi wenye moyo waliandika "ajali" wakageuza ukurasa.

Sasa niwaambie kosa langu.

Asubuhi bado tulikuwa tunaingia ile wodi, na kitanda cha katikati alikuwapo mwanamke kijana ambaye nilimchora mtungi, kwa sababu siku ya kwanza alipokubali kunywa maji aliuliza kama yametoka mtungini au mferejini. Nitamwita Mtungi. Alikuwa amezika watoto wachanga wawili katika mwaka mmoja, na kwa mume wake walikuwa wameanza kusema kwamba ni yeye anayewala. Alichokunywa sitakitaja, na nyinyi msikitaje mkiandika. Mtu mwingine mwenye huzuni anasoma.

Nilikaa naye. Sikumwambia ashukuru Mungu yuko hai, kwa sababu mtu wa namna hiyo hajaona bado ni zawadi gani. Daktari alikuwa amenifundisha jambo moja ambalo mimi niliona ni ukichaa: kuuliza waziwazi. Nilidhani ukimuuliza mtu habari ya kifo utamkumbusha. Daktari akasema, "Loise, hajasahau." Basi asubuhi moja nikiwa naviringisha bandeji nikamuuliza, "Bado unafikiria kufa?"

Akasema, "Jana ndiyo. Leo nimefikiria nywele zangu, zimechafuka."

Nikamsuka. Alikaa wiki tatu, akarudi kwa mume wake, njia ya Shinyalu.

Haukupita muda nikaenda soko la Shinyalu kununua kunde. Nikamwona amesimama mbele ya mwanamke wa ndizi. Amenenepa kidogo. Nywele ni zile zile nilizozisuka. Moyo wangu ukaruka, na mimi sauti yangu mnaijua, ukiniita huku wanasikia mpaka msituni. Nikapaza, "Mulembe, mama! Umepona?"

Soko zima likageuza vichwa. Kwa jinsi tulivyofundishwa, kumpita mtu bila salamu ni kama kumtukana, na kumjulia hali ni heshima. Hilo ndilo nililolifanya, heshima. Lakini wote pale walinijua mimi ni yule wa kutembea na daktari wa wanaojiua. Mwanamke wa ndizi akatazama Mtungi, akanitazama mimi, na mkono wake uliokuwa unatoa ndizi ukarudi nyuma. Mtungi hakujibu. Alifunga leso yake akaondoka, na kikapu kitupu.

Siku ya tatu nikapita njia ya mtoni, nisionekane barabarani, nikamkuta anafua.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

Aliendelea kupiga nguo kwenye jiwe. "Wewe Loise, kule wodini ulinifunika. Sokoni umenivua."

"Nilifurahi kukuona."

"Furaha yako imefika kwa liguru. Jana amemuuliza mama mkwe wangu nililazwa kwa sababu gani."

Liguru ni mzee wa kijiji, mtu wa kupeleka habari kwa chifu. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kujua, na kofia ya kazi.

"Wakija polisi nitamrudia yule aliyenileta wodini, nimwambie aliniokoa bure," Mtungi akasema. Nikamuuliza pale pale, "Unafikiria kufa?" Akasema, "Nafikiria kuogopa. Si kitu kimoja." Nikakaa, nikachukua nguo moja nikafua. Tulipomaliza akaniambia, "Njoo unione kila wiki, kwa njia hii ya mto. Lakini mbele ya watu usinijue. Usinisalimu tena mpaka siku nitakayokusalimu mimi."

Nikakubali. Nilimweleza Daktari, akaketi, akashika kichwa. Kwa sababu wakati huo huo alikuwa na barua mfukoni. Mkaguzi wa kamati anakuja.

Mwaka wa pili wa ufadhili ulikuwa wa kazi moja tu: kuwatembelea waliotoka wodini, kila wiki, mwaka mzima, tuone kama kutembelewa kunamfanya mtu abaki. Daktari alikuwa ameshaona kwamba siku mbaya si zile za wodini, ni zile za kwanza nyumbani, wageni wakiisha. Bila mwaka wa pili, mimi narudi kwa ndoo, na watu wote waliokuwa na picha katika daftari langu wanabaki na yale manyasi yao. Mtungi pia.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba mwenye tai, mzaliwa wa pwani, Kiswahili chake safi kuliko sahani zangu. Alisoma karatasi za Daktari nusu siku. Halafu akaomba daftari la mkalimani. Akafungua. Sufuria. Jogoo. Jembe. Akaligeuza juu chini.

"Daktari, kamati imefadhili utafiti au kitabu cha mapishi?"

Daktari akajaribu kueleza. Mkaguzi akamsikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini kamati imeshawahi kupelekewa watu ambao hawapo. Nionyeshe mmoja. Nyumba moja, jina moja, mtu mmoja aseme ndiyo, ni kweli, yalinipata. Nikikosa hata mmoja, siwezi kuweka sahihi kwa mwaka wa pili."

Na kwa adabu yake alikuwa amepita kwa chifu kwanza kupiga hodi. Chifu akampa mtu wa kumwonyesha njia. Tulipotoka nje, liguru amesimama karibu na gari, amevaa kofia.

Gari lilituacha mahali barabara ilipoishia, tukaingia njia ya miguu, watu wanne: Mkaguzi, Daktari, mimi, na liguru mbele. Liguru akasema kwa furaha, "Mzee, wala tusiende mbali. Kuna mmoja hapa mteremkoni. Ni yule mama alisalimiwa na huyu pale sokoni. Nilikuwa nataka nimuulize mwenyewe, lakini leo tuko na wakubwa."

Niliona jasho limetokea kwenye kola ya Daktari. Akikataa, kamati itasema anaficha kitu. Akikubali, Mtungi atasema jina lake mbele ya liguru, na liguru atalipeleka kwa chifu, na chifu kwa kituo. Nyumba yake ilikuwa inaonekana tayari. Nguo zilikuwa kwenye kamba, na miongoni mwake ile niliyofua mimi.

Sikufikiria sana. Ningefikiria, ningeshindwa. Nikasema, "Liguru, umekosea njia. Anayetafutwa si wa hapo. Anatoka kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa baba yangu. Nifuateni."

Nikageuka. Daktari akanitazama. Tulikuwa tumetembea pamoja mwaka mzima na sijawahi kumwambia.

Ilikuwa mwendo wa saa nzima, kupanda na kushuka, na Mkaguzi viatu vyake vilikuwa vya mjini. Hakulalamika. Mama yangu alikuwa nje anaanika mahindi. Baba alikuwa ameshakufa kwa kifua. Nikamsalimia mama, nikamwambia wageni ni wa kazi yangu. Halafu badala ya kuwapeleka kwenye viti, nikaenda nikasimama katikati ya boma, kwenye kipande cha nyasi. Tangu nyumba ile ibomolewe nilikuwa sijawahi kupakanyaga. Tulikuwa tunapazunguka sote, hata kuku nadhani.

Nikasema kwa ile sauti yangu, "Bwana Mkaguzi, hapa palikuwa na nyumba ya dada yangu. Alijiua akiwa na miaka ishirini na mbili. Aliitwa Rebeka."

Mama aliangusha ungo. Nikamwona anainama, nikajua anachukua ufagio, na kweli aliuchukua. Nikajiambia, leo nafagiwa kwetu. Akaja nao mpaka ukingo wa zile nyasi akasimama.

"Umesema nani?" akaniuliza.

"Rebeka, mama."

"Tangu siku ile sijalisikia. Lirudie."

"Rebeka."

"Tena."

Nikalirudia. Akaweka ufagio chini. Akaingia ndani akatoka na kiti kimoja, akakiweka pale pale juu ya nyasi, akamwambia Mkaguzi, "Kaa, baba. Uliza." Na yule mzee wa pwani akakaa, magoti yake yamejaa majani ya njiani, na hakuuliza. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, mimi nikitafsiri. Alisema Rebeka alikuwa anaimba vibaya na anapenda kuimba. Alisema wiki ile ya mwisho alikuja jikoni mara tatu akasimama tu mlangoni, na yeye mama alikuwa na haraka, akamwambia asimzibie mwanga. Alisema ameubeba ule mlango miaka yote hiyo. Daktari akamwambia taratibu, kwa Kiluhya kibovu alichojifunza kwangu, kwamba hakuna aliyejua, na kwamba mlango mmoja haumuui mtu. Liguru alikuwa amevua kofia.

Mkaguzi akanigeukia na daftari langu. "Rebeka ni picha gani humu?"

Singeweza kumdanganya katika boma la mama yangu. Nikasema, "Hayumo. Alikufa kabla ya kazi hii. Nimekupa yeye badala ya walio hai, kwa sababu yeye hawezi tena kufungwa. Wale wengine wapo kama yeye alivyokuwapo. Ukitaka jina la mmoja wao, mimi sina."

Akafungua ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu, akanipa kalamu yake ya wino. Nikachora kitana. Rebeka alikuwa na kitana cha mti alichonikataza kugusa.

Wakati wa kurudi Mkaguzi na Daktari walitangulia. Liguru alitembea nyuma pamoja nami, kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kubeba gunia. Tulipofika usawa wa ile nyumba ya mteremkoni akakohoa.

"Yule mama wa sokoni. Inaonekana nilikosea mtu."

"Ulikosea."

"Basi nilikosea," akasema, akavaa kofia yake. Hakumuuliza tena mtu yeyote.

Barua ilikuja baada ya mvua. Mwaka wa pili umetolewa. Chini yake Mkaguzi alikuwa ameongeza sharti kwa mkono wake, kwamba katika kazi hii majina ya watu yasidaiwe na kamati wala mtu mwingine, na kwamba mkalimani aendelee kuchora. Daktari aliitundika ukutani. Mama Beti akasema sasa sketi imepata mwenye kuivaa.

Nilitembea mwaka ule mpaka nikamaliza viatu. Mto ule niliujua kila jiwe. Kuna wiki Mtungi aliongea na kuna wiki alinifukuza, nikakaa mbali kidogo, nikarudi wiki iliyofuata. Mkisikia kwamba utafiti ni kuuliza, mjue nusu yake ni kurudi. Si wote tuliowatembelea walibaki. Wawili tuliwapoteza, na kurasa zao sikuzichana, bado ninazo. Lakini mtu akikwambia kutembelewa ni kitu kidogo, mlete kwangu.

Ufadhili ulipoisha kazi haikuisha, ila ilibadilika. Mto wenyewe niliacha kuupita Mtungi alipopata mtoto, halafu wa pili, na wote wakaishi. Lakini ahadi ilibaki. Tulikutana sokoni, kanisani, kwenye harusi, foleni ya posho. Nilimpita kama mti. Watu wa siku hizi wakasema mimi na yule mama tumekosana, wengine wakasema ni ugomvi wa shamba. Mara moja pasta alitaka kutupatanisha. Tulikaa mbele yake wanawake wazima wawili, tukatazama sakafu, tukakataa kupatanishwa. Nilimwona Mtungi anauma midomo asicheke.

Mwezi uliopita Mercy alinipeleka Shinyalu kwa pikipiki, mimi nikimpigia kelele dereva njia nzima. Soko limejaa. Nilikuwa nachagua kunde, nikasikia sauti nyuma yangu, ya mwanamke mzee, kubwa, ya kusikika mpaka msituni.

"Mulembe, Loise!"

Nikageuka. Amesimama na mkongojo, mjukuu wake kando, kikapu kimejaa. Wauza ndizi wakageuza vichwa. Mmoja akasema, "Hao si wameacha kuongea?"

"Mulembe, mama," nikajibu.

"Uliniuliza swali hapa," akasema, "nikaondoka bila kukujibu. Nimepona."